Nani Awasemee Wanafunzi wa Uuguzi?

Katika mfano wa Msamaria mwema twazoea kuwahukumu kuhani na Mlawi, na kumsifu yule mgeni aliyeshuka juu ya mnyama wake. Ni vema. Lakini kesho yake Msamaria alikwenda zake, na aliyebaki kukesha na majeruhi ni mwenye nyumba ya wageni. Huyo hahubiriwi sana. Tena yafaa tuangalie kwamba Msamaria hakumwacha mikono mitupu: alimpa dinari mbili, akaahidi kulipa yatakayozidi. Alijua kwamba huruma ina gharama, na kwamba si haki kumtwisha mwingine gharama hizo.

Leo kazi ya mwenye nyumba yule yafanywa na wauguzi, na mara nyingi, hasa usiku, mikono inayoifanya ni ya vijana wanaojifunza. Hapa Tanzania binti aliyefaulu masomo ya sayansi katika kidato cha nne huingia chuoni kwa miaka mitatu ya stashahada, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ni ya wodini. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2020, lilieleza kwamba dunia ilipungukiwa wauguzi karibu milioni 6, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi zenye mapato madogo. Basi pale wauguzi walipo wachache, mwanafunzi hugeuzwa mfanyakazi asiye na mshahara. Aliyepaswa kusimama kando ya mwalimu wake huachiwa wodi nzima. Kujifunza kwa mikono si vibaya, maana hakuna aliyejua kufunga kidonda kwa kusoma kitabu tu. Ubaya ni kufanya pasipo wa kufundisha.

Tuchukue jambo moja. Saa nane za usiku mwanafunzi aliyechoka ajichoma kwa sindano iliyotoka katika mwili wa mgonjwa. Waganga hufundisha kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe upesi, kabla ya saa 72 kupita. Lakini atamwambia nani? Msimamizi wa zamu ndiye atakayetia sahihi katika daftari lake la mazoezi. Akisema, aogopa kuitwa mzembe. Akinyamaza, saa zapita. Wala tusidhani kwamba huo ni woga wa kitoto. Binti huyo ajua ni ng'ombe yupi aliyeuzwa ili ada yake ilipwe, na ajua nyumbani hakuna ng'ombe wa pili.

Ndiyo sababu twasema wanafunzi hawa wawe na mwakilishi, tena mwakilishi wa kweli. Vyuo huwa na serikali ya wanafunzi, na madarasa yana viongozi wao. Lakini mara nyingi kiongozi huyo hutumwa kupeleka matangazo ya mkuu kwa wenzake, wala si maneno ya wenzake kwa mkuu. Naye pia ni mwanafunzi, na daftari lake latiwa sahihi na watu wale wale. Kumwambia aseme bila hofu, pasipo kumwondolea sababu ya hofu, ni kumdhihaki. Malalamiko na yapokelewe na mtu asiyetoa alama. Mwakilishi na aketi katika kikao kinachopanga zamu, asikie na asikiwe.

Wako watakaosema kwamba uuguzi ni wito, na kwamba mwenye wito hanung'uniki. Ni wito kweli. Lakini Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi ya kuungana, na hakuona kwamba haki hiyo yapunguza uchaji wa Mungu. Neno "wito" lisitumiwe kufunga vinywa. Huenda sisi wenyewe, katika ukurasa huu, tumelitumia hivyo zaidi ya mara moja.

Wala tusiinyoshee kidole Serikali peke yake. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imefungua mikopo kwa wanafunzi wa stashahada wa fani kadhaa, za afya zikiwemo. Twashukuru, ingawa mkopo haumkingi mtu na sindano. Na baadhi ya vyuo vya uuguzi ni vya majimbo yetu na mashirika yetu ya watawa. Huko hatuhitaji kungoja sheria ya mtu. Mkuu wa chuo aweza kuanza Jumatatu ijayo, kwa kuwaita viongozi wa wanafunzi na kuwauliza ni nani aliyelala macho usiku uliopita, na alikuwa na nani.

Nanyi wazazi, binti au kijana wenu akirudi likizo, msimwulize alama tu. Mwulizeni kama alikula kabla ya zamu, kama glavu zilitosha, na kama yuko mtu chuoni ambaye aweza kumwambia jambo baya bila kutetemeka. Akikawia kujibu swali hilo la mwisho, msilibadili neno upesi.