Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Maji Yakididimia



Wengi wetu tunasoma Suratul Mulk kabla ya kulala. Aya yake ya mwisho ni swali: maji yetu yakizama ardhini, nani atatuletea mengine? Sisi wa Moshi tusilipite haraka. Mvua ya mlimani inazama huko juu, inapita chini kwa chini, inaibukia huku kwetu: Njoro, Rau, Miwaleni. Msitu wa Rau unaishi kwa maji hayo, na mpunga wa Mabogini pia. Yanalindwa na tope, matete na mikuyu, vitu ambavyo sisi tunaviita pori tu.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Tunajua. Na bado mtu amefunga, tarawehe haimpiti, mchicha wake uko hatua tano kutoka jicho la maji! Wazee wa mifongo hawakuwa hivyo. Siku ya kusafisha mfongo, mtumiaji alitoka na jembe lake.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, anachokula humo ndege, mtu au mnyama ni sadaka yake. Watoto wa madrasa wasiishie kuihifadhi hadithi hii. Masika yako mlangoni: tuwapeleke chemchemini asubuhi, jua halijawa kali (wengine wamefunga, jamani), washike tope, wachimbe mashimo, wapande mikuyu. Mikaratusi hapana, inakunywa mno. Mwenye kitalu atoe miche. Mwenye bustani ndani ya zile mita 60, aondoke kabla ya Iddi.

Allah atutakabalie. Amin.