Kusimama Nje ya Mlango

Andiko: Kumbukumbu la Torati 24:10-13

Leo sina neno la kumpiga mtu. Nina swali ambalo limeninyima usingizi: je, mwenye ploti aliyeokoka anaweza kutoza kodi yoyote ambayo soko linakubali, halafu aseme mikono yake ni safi?

Mimi nina vyumba sita vya mabati hapa Wote. Zamani chumba kingekaa bure hata miezi miwili, na ukipata mpangaji unamshukuru Mungu. Kisha 2013 ugatuzi ukaja, Wote ikawa makao makuu ya Kaunti ya Makueni, wafanyakazi wakaja na mishahara yao. Kule Kitui ni vivyo hivyo: kuna kaunti, na kuna chuo kikuu cha SEKU kilichopata hati yake mwaka huo huo. Mahali watu wanapoongezeka kuliko vyumba, kodi hupanda. Hiyo si dhambi ya mtu, ni hesabu.

Nami nikapandisha, kutoka 2,500 hadi 3,500. Mpangaji wangu mmoja, mama muuza sukuma wiki, alikuwa mshirika mwenzetu hapa kanisani. Akaniomba tusikizane. Nikamjibu, "Mama, hiyo ndiyo bei ya soko." Mwezi wa pili akabaki na deni. Nikaweka kufuli langu juu ya lake, na jiko na nguo za watoto ziko ndani.

Kesho yake, Jumapili, nikakutana na andiko hili. Mungu anamwambia anayedai asiingie nyumbani kwa mdeni kuchukua rehani. Asimame nje, mdeni mwenyewe amletee. Na kama ni maskini, amrudishie vazi lake jua likitua, apate kulalia. Angalia vizuri: deni halijafutwa. Anayedai bado ana haki yake. Lakini haki hiyo ina kizingiti, na mimi nilikuwa nimekivuka.

Mtu atasema, "Mzee, simenti imepanda, mkopo wa sacco haungoji, na kiangazi maji tunanunua kwa mtungi. Utakula nini?" Ni kweli, nilikuwa na sababu ya kuongeza kitu. Lakini nilipopiga hesabu kwa uaminifu, gharama zangu zilikuwa zimepanda kama shilingi 300 kwa kila chumba. Zile 700 nyingine zilitoka wapi? Zilitoka kwa kujua kwamba hana pa kwenda. Soko liliniambia ninachoweza kupata. Halikuniambia ninachostahili kuchukua.

Wengine tunangoja serikali. Katiba, kifungu cha 43, inataja makao kuwa haki ya kila mtu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipitishwa 2024, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5. Sawa. Lakini yule mama alihitaji pa kulala usiku ule, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilifungua Jumapili hiyo jioni. Mwisho wa mwezi akahama. Leo anakaa mbali, anaamka saa tisa usiku atembee hadi sokoni. Nilipoenda kumwomba msamaha alisema, "Nimekusamehe, Mzee. Lakini kanisani uliniita dada, kwa ploti ukaniita mpangaji." Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Sasa kodi naiongeza kwa kadiri ya gharama, natoa notisi ya miezi mitatu, na lile kufuli nimelitoa. Lakini najua kwamba fungu la kumi nililoleta mwaka ule lilikuwa na sehemu ya zile 700 ndani yake, na madhabahu hayakuniuliza. Mungu ameniuliza.

Ndugu yangu mwenye ploti, deni lako ni haki yako. Ila mwezi huu ukienda kulidai, umesimama upande gani wa mlango? Bwana atusaidie. Amina.