Mwanamke Bungeni na Adabu ya Kusema

Twapenda kusema na ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera juu ya jambo livunjalo heshima za watu kila uchaguzi ukaribiapo: mwanamke kusimama kutaka kura.

Wako wasemao kuwa dini imeufunga mlango huu. Khitilafu ya maulamaa twaijua, na khasa imo katika ukuu wa dola. Hapo hatubishani na mtu. Lakini mbunge si khalifa. Yeye ni wakili wa watu wake, na shauri lake huchanganywa na mashauri ya wenziwe. Siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, masahaba waliposita kuchinja na kunyoa, Mtume (s.a.w.) alimsikiliza Bibi Ummu Salama, akafanya alivyoshauriwa, na watu wakafuata.

Bibi Sophia Abdi Noor alipokitaka kiti cha Ijara mwaka 2007, wazee walimpinga kwa kuwa ni mwanamke. Akaingia Bungeni kwa kuteuliwa. Mwaka 2017 watu wa Ijara wenyewe wakampigia kura, akawa mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha jimbo, akakikalia hadi 2022. Twauliza: ni nguzo gani ya dini iliyobomoka Masalani kwa ajili hiyo?

Kitusikitishacho zaidi ni ndimi, na mikono ifuatayo ndimi. Juni 2019, Bibi Fatuma Gedi, Mwakilishi wa Wanawake wa Wajir, alipigwa katika uwanja wa Bunge, Nairobi. Mbunge mwenziwe akakamatwa kwa tuhuma hiyo. Ugomvi, yasemekana, ulikuwa juu ya mgao wa fedha. Fedha za umma huulizwa kwa hesabu na mbele ya kamati. Musa na Harun waliamriwa wamsemeze Firauni kwa upole; je, Firauni apewe neno laini, na dada yetu apewe ngumi?

Nanyi kina dada mgombeao, adabu hii ni yenu pia. Surat Al-Hujurat, ilipokataza dhihaka, iliwataja wanawake mbali. Amtajaye mpinzani wake kwa udhaifu wa ukoo hajatoa hoja. Mwulizeni kisima kipi hakikuchimbwa, na fedha zake zilikwenda wapi.

Na wazee wakaapo chini ya mti kumchagua mgombea wa ukoo, wawaite wanawake waseme kabla ya dua kusomwa, si baada ya shauri kwisha kukatwa.