Nguo Ipi Imfaayo Kijana?

Wapo wazazi hapa Moshi na vijijini mlimani wenye swali hili: mtoto ameingia ujana, naye hataki tena gauni, wala hataki kufanana na kaka zake. Anataka nguo ambazo mtu akiziona hatasema ni za kike au za kiume. Je, tumkatalie, au tumsaidie kuzipata?

Anayekataa mara nyingi hushika Kumbukumbu la Torati 22:5, mstari unaokataza mwanamume na mwanamke kuvaliana mavazi. Mstari huo hatuwezi kuuruka. Lakini kabla ya kumhukumu mtoto kwa huo, hapana budi tujiulize: ni nani aliyeamua kwamba vazi fulani ni la kiume?

Si babu zetu. Katika karne ya 19 Wachagga, wake kwa waume, walivaa ngozi, mpaka vitambaa vya misafara ya pwani vilipoenea. Suruali, tunayoitetea leo kama urithi wa wanaume, hawakuijua. Wala si Maandiko. Kanzu ya Yusufu katika Mwanzo 37 na vazi la Tamari binti Daudi katika 2 Samweli 13:18, kwa Kiebrania huitwa kwa maneno yale yale. Padre naye husimama madhabahuni na kanzu inayofika miguuni, na hakuna amwambiaye kuwa amevaa gauni.

Basi ni desturi inayogawa nguo. Desturi si kitu cha kudharau, maana kwa hiyo majirani hutambuana. Lakini hubadilika, na kwa hiyo twaona kwamba swali zito katika amri ile ni udanganyifu. Kijana apendaye shati na suruali pana hamlaghai mtu. Tukimlazimisha gauni kila Jumapili, akae kanisani akijiona si yeye, huenda ni sisi tunaomfundisha kudanganya.

Wengine watasema, nguvu kidogo itamnyosha. Nchi yetu ilijaribu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo, Oktoba 1968, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam. Sketi fupi hazikwisha. Lakini aibu waliyotiwa akina mama wale barabarani, nani ataiondoa?

Mzazi afanye nini, basi? Aende na mtoto soko la Memorial siku isiyo na haraka. Mtoto achague, mzazi ashike fedha na kiasi. Nguo chache zatosha: mashati mawili ya kitenge, suruali isiyobana, sweta zito kwa baridi ya Marangu au Machame, na viatu imara. Fundi cherehani atapunguza mabega na kuachia kiunoni. Wapandao Kilimanjaro, wake kwa waume, huvaa suruali na makoti ya namna moja, kwa kuwa baridi haichagui. Sare ya shule ibaki kama shule ilivyoagiza. Kwa nguo nyingine tudai haya tu: ziwe safi, zimstiri, zisimzuie kazi, zisizidi uwezo wa nyumba.

Maneno yatasemwa, kisimani na hata mlangoni pa kanisa. Mzazi asimfiche mtoto jambo hilo, wala asimwache ayabebe peke yake. Watembee pamoja, na mzazi ndiye ajibu.

Tena asilifanye kila shati kuwa kesi juu ya maisha yote ya mtoto. Kiswahili chetu humwita kila mmoja "yeye", mvulana au msichana, na bado twajua tunamsema nani. Tutakalo kujua juu ya mtoto wetu, tumwulize mwenyewe, kisha tunyamaze tumsikie.