Simu ya bei chee

Mbuzi akikaa zizini huzaa. Simu ikikaa mfukoni hushuka bei. Mkulima wa alizeti wa Issuna anahitaji kuuliza soko likoje Singida mjini, kupokea hela kwa M-Pesa na kufuatilia michango ya harusi kwenye kundi la WhatsApp, na yote hayo simu ya miaka minne iliyopita, hata yenye ufa pembeni mwa kioo, huyafanya bila kuhema. Kinachoongezeka kwenye toleo jipya mara nyingi ni kamera (na majivuno kidogo, tusidanganyane). Ila uzee wa simu nao una mpaka: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android 4.4, na betri ikishavimba ni ya kubadilisha tu. Feki ndiyo hasara kamili, maana Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Kabla hujatoa noti kwa simu iliyotumika, bonyeza *#06# ulinganishe namba itakayotokea na iliyoandikwa kwenye boksi. Muuzaji akisema boksi lilipotea, mrudishie simu yake.