Rubani Asiye na Ndege

Desemba 2018 ndege za Fastjet ziliacha kuruka Tanzania, na marubani waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza wakabaki chini. Je, huyo bado ni rubani?

Huku Geita, mwamba ukikata, mchimbaji mdogo huacha duara lake akahamia rashi nyingine, na hakuna anayemuuliza yeye ni nani sasa. Lakini kijana wa Shinyanga aliyesomeshwa kwa ng'ombe waliouzwa huulizwa, tena na wajomba: ng'ombe wetu wako wapi?

Swali lina haki yake, ila ng'ombe walinunua ujuzi, hawakununua ajira. Saa alizoruka zimeandikwa, hazifutiki. Kinachokwisha ni ruhusa: ili abebe abiria, lazima awe ameruka na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90. Basi lile neno "vumilia" tunalomgawia bure lina gharama, na si sisi tunaoilipa.

Akiendesha bodaboda Kahama apate kulipia hata saa moja angani, mimi namwita rubani. Mjomba akimkuta stendi, alipe nauli kwanza.