Daftari ni la Nani?

Daftari la mwanafunzi hununuliwa na mzazi, huandikwa jina la mtoto juu, na mtoto huyo huyo ndiye hulibeba mkobani kila siku. Ukilifungua, hata hivyo, sauti inayosikika zaidi si yake. Ni ya kalamu nyekundu: vema, kosa, 4/10, "ongeza bidii". Vitabu vya ualimu vinasema upimaji endelevu humfanya mwanafunzi amiliki ujifunzaji wake. Mimi nauliza kwanza swali la haki: nani anaruhusiwa kusema kazi hii ni nzuri?

Nilikuwa Kigongo, wilayani Misungwi, nikikusanya data za tasnifu ya uzamili, wiki chache baada ya daraja la kwenda Busisi kufunguliwa Juni 2025. Shule niliyokuwapo ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Kiswahili, hivyo nikaombwa nishike vipindi vya kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya 80 chumba kimoja. Wakaandika insha kuhusu daraja. Nyingi zilianza vilevile: daraja ni muhimu sana kwa maendeleo ya taifa letu. Hakukuwa na kosa la kutia nyekundu, wala hakukuwa na mtu ndani yake. Nikanakili ubaoni aya 3, bila majina wala alama, nikauliza ipi ni bora na kwa nini. Kimya. Kisha kijana wa dawati la nyuma akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua."

Hakuwa mvivu. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa shuleni, na miaka yote hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba kujua kilicho bora ni kazi ya mtu mwingine. Na hapa tulikuwa kwenye Kiswahili. Anayepewa swali la fizikia kwa Kiingereza ana ukuta mmoja zaidi wa kupanda kabla hajathubutu kuhukumu chochote.

Mita chache kutoka shuleni, ufukweni, vijana wa rika lake hujifunza kutengeneza mitumbwi. Anayekalafati ovyo haambiwi amepata 45 kati ya 100. Chombo kinaingizwa majini, panapovuja panaonekana, na yeye mwenyewe anapaona. Sitaki kuupamba ufundi ule, maana fundi naye hutukana, na wengine hupiga. Lakini mwanafunzi wake anashika kipimo mkononi tangu mwanzo. Wa kwetu anakutana nacho siku ya matokeo.

Si kwamba hatukuambiwa. Machi 1967 Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia uzito ambao shule ziliupa mitihani. Mwaka huohuo, Marekani, Michael Scriven alitenganisha tathmini inayosaidia kitu kikiwa bado kinajengwa na ile inayokihukumu kikishakamilika. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi za kila siku na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Vikahesabiwa kweli, na hapo ndipo naona tulipopoteza njia: kazi ya kila siku ikageuka mtihani mdogo wa kila siku. Hata mtihani wa taifa wa kidato cha pili rasmi huitwa "upimaji", ingawa asiyefaulu hurudia darasa. Watoto hawadanganyiki na jina.

Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi wa Israeli. Waliopewa maoni pekee waliboresha kazi zao. Waliopewa alama hawakuboresha hivyo, hata pale alama zilipoambatana na maoni. Yeyote aliyewahi kurudishiwa karatasi anajua sababu. Jicho hukimbilia namba, na maneno ya pembeni hubaki mapambo.

Basi nikachelewesha namba. Kuandika maoni kwenye madaftari 80 ni ndoto, kwa hiyo darasa lenyewe lilitunga vigezo, wakasomeana wawili wawili. Kigezo kilichozua ubishi zaidi kilikuwa hiki: insha iseme jambo ambalo jirani yako hajaandika. Yule kijana wa nyuma aliandika kwa penseli chini ya kazi yake: "Aya ya pili ni ya kweli. Ya tatu nimejaza tu." Ijumaa nilipeleka fomu ya alama ofisini kama kila mwalimu. Hukumu ile ya penseli haikuwa na safu ya kujazwa.

Binti mmoja aliandika kuhusu mama yake, aliyekuwa akiwauzia karanga na mayai ya kuchemsha abiria waliosubiri kivuko. Daraja limefunguliwa, foleni imekwisha, na karanga zinalala kwenye beseni. Wenzake walisema ndiyo insha bora. Yeye akaniuliza, "Na Baraza la Mitihani wataielewa?"

Nilimwambia msahihishaji naye ni msomaji. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Atakayelipa gharama ya uhuru ninaomhimiza kuutumia ni yeye. Mimi nina shahada tayari. Lakini kumficha kipimo cha mtihani ili abaki huru kungekuwa kumnyima mara ya pili. Nikauweka ubaoni mwongozo wa kusahihishia insha, utangulizi, kiini na hitimisho, nikawaacha waujadili kama walivyojadili vigezo vyao. Baadhi waliona una maana. Baadhi waliucheka.

Yule binti aliandika upya. Aya ya mama yake hakuigusa. Juu yake akaweka utangulizi wa maendeleo ya taifa, mistari miwili, kama mtu anayelipa nauli.